Yai la Papa Kwenye Friji ya Voi

Jumatatu, 3 Februari
Nimebadilisha maji ya ndoo ya yai kabla ya chai. Nikalimulika kwa tochi ya simu. Mkia unacheza ndani ya kifuko cha yai, polepole, kushoto kulia. Yu hai. Voi inachemka tangu asubuhi, nami nalea papa wa kina kirefu kwenye friji, kando ya sukuma wiki. Mtu mzima, na digrii yangu.

Jumanne, 4 Februari
Maabara ya Mombasa nilikofanya kazi ilipofungwa, mayai yote yalitupwa isipokuwa hili nililokuja nalo nyumbani. Profesa wetu alisema mtoto akitoka hai atanitafutia kazi. Sina tegemeo lingine.

Huku hakuna anayemjua kiumbe huyu. Papa mdogo, mweusi, hata akikua hafiki urefu wa mkono wangu. Macho makubwa ya kijani, ndiyo maana tukamwita papa-paka. Anaishi juu ya matope, jua lisikofika, baridi mwaka mzima. Anakula kamba na ngisi wadogo. Mama yake hutaga, nyuzi za kifuko zikajisokota kwenye matumbawe ya kilindini, naye huyo, akaenda zake. Mtoto hubaki humo miezi na miezi akipunga mkia ili maji yapite. Hana haraka. Mwenye haraka ni mimi.

Alhamisi, 6 Februari
Mama ameteremka kutoka kwao Mwanda, mlimani, na gunia la mboga. Amechungulia ndoo, akacheka. Kisha akautazama ule mkia mpaka ugali ukaungua. Sasa kila mara anafungua friji kumjulia hali. Joto linaingia. Nashindwa kumkemea.

Maji ya bahari yamebaki kidogo. Rafiki yangu wa Mombasa atatuma mtungi kwa basi.

Ijumaa, 7 Februari
Mtungi haujafika. Stima imepotea tangu adhuhuri. Nimenunua barafu kwa muuza samaki. Nimechoka. Namchukia huyu papa. Namchukia profesa. Sitaki afe.

Jumapili, 9 Februari
Amekufa.

Nilienda stendi kuchukua mtungi. Huku nyuma Mama akaona maji ya ndoo yamepungua na yananuka. Akayamwaga, akajaza ya kisima. Maji ya kisima hapa Voi yana chumvi kidogo, si kama ya bahari, ndiyo maana maji ya kunywa tunanunua. Kwao mlimani maji ni matamu. Kwake chumvi ni chumvi.

"Si hata haya yana chumvi, mwanangu?"

Nimemwita mjinga. Mama yangu mzazi. Amekaa kwenye stuli ya jikoni.

Jumatatu, 10 Februari
Nimepasua kifuko. Macho yalikuwa yameshatokea. Nimemwita Mama aone, naye ameyaangalia sana. Akauliza kama kule chini mama yake hurudi kumwona. Nikamwambia harudi.

Ameosha ndoo, akaianika juani. Profesa sijampigia. Tumekula mboga za Mwanda, mimi na yeye. Mtungi wa maji ya bahari uko mlangoni, haujafunguliwa.