Kura ya Mume Wangu

Jumapili, baada ya Isha

Wala sikukasirika. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi.

Mchana tulikwenda kula kwa kaka Shomari, kule Mbegani. Redioni walikuwa wakijadili kama Wazanzibari wapewe kura ya maoni, waamue kubaki kwenye Muungano au kujitawala wenyewe. Watu walipiga simu, wakatukanana kwa adabu. Shomari akamgeukia mume wangu, kwa utani tu.

"Shemeji Haji, wewe Mpemba wetu, ungepigaje?"

Haji akanawa mikono kwanza. "Ningepiga tujitawale," akasema. "Si kwa ubaya, shemeji. Kila mtu anapenda kuwa na kwao."

"Na dada yangu utamweka wapi?"

Wifi akazima redio, akatuongezea samaki. Nilikula, lakini ukiniuliza ladha yake siijui.

Wakati wa kurudi nikamuuliza, "Wakijitenga kweli, utarudi Pemba?"

Alijibu tulipokaribia nyumbani. "Mama amezeeka. Nitarudi," akasema. Kisha akaniuliza, "Wewe utakuja?"

Miaka yote hii ya ndoa nilidhani kwake ni hapa Bagamoyo, kwa kuwa ndipo nilipo. Nikamwambia sijui. Akasema "Haya," kama mtu aliyeambiwa maji yamekatika.

Sasa amelala. Nimejaribu kuumia, siwezi. Nimejaribu hata kumwonea huruma mama yake.

Kura hiyo huenda isipigwe maisha yetu yote. Lakini mimi nimeshaulizwa.