Kanisa Linaniombea Kibali, Halijui Ni cha Bangi

Shangazi Waceke, salamu kutoka Minto. Kila Alhamisi nasikia redioni ukisomewa barua za ndoa na za watoto wanaosemeshwa Kiswahili wao wanarudisha Kiingereza, yangu ni ya bangi, usishtuke, keti kwanza, naomba unishike mkono kwa sababu Jumanne inakuja na sijui nitauweka wapi uso wangu. Majina nimebadilisha yote, hata la mume wangu.

Mimi ni Mrundi, nimekulia kambini Tanzania, hapa Sydney nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, na huko ndiko nilikomwona mzee mmoja ambaye mikono yake ilikuwa haishiki hata kijiko, daktari akamwandikia matone ya mafuta ya bangi ya dawa, na baada ya muda nikaingia chumbani nikamkuta ameshika kikombe cha chai peke yake, anatazama dirishani, ananiambia, "Look, darling, no spill," na tangu siku ile, Shangazi, mimi ni mtu wa kuota tu. Nina rafiki Mkenya, Kendi, ni mfamasia, yeye anashughulikia leseni ya serikali kuu, na mimi na mume wangu Callixte, anayeendesha lori la makontena kutoka Port Botany, tukakodi ghala dogo hapa Minto kwenye eneo la viwanda, tukaliomba baraza la mji kibali cha kuotesha mimea humo ndani chini ya taa. Baraza likasema ngojeni. Vibali vyote vya biashara za bangi vimesimamishwa mpaka waandike sheria za kusema zikae mtaa gani na zisikae mtaa gani, na kabla hatujameza hilo korona nayo ikatufungia ndani.

Basi ghala liko tupu. Nikitoka zamu ya asubuhi napita pale, nakaa sakafuni, kwenye paa kuna vipande vya plastiki vinavyopitisha jua, na lile jua linatembea sakafuni polepole mpaka linanifikia miguuni, nje barabara nzima kimya, helikopta ya polisi inaunguruma mbali huko, na mimi nikifumba macho naona majani, safu kwa safu, kijani mpaka ukutani, taa za zambarau, hewa ina unyevu kama baada ya mvua, na katikati ya majani anatembea mama Nibigira, miguu mitupu, ana ndoo ya maji, anaimba kwa sauti yake ile nene, anamwagilia mche mmoja mmoja, akinifikia anatabasamu anapita, wala haulizi ni mmea gani. Nakaa hapo mpaka simu inanishtua.

Huyu mama Nibigira ndiye aliyenilea kambini mama yangu alipofariki. Alinigawia nusu ya kila alichokuwa nacho, hata blanketi. Na mwanawe wa kumzaa, Rénovat, alivuta bangi huko kambini akiwa kijana mdogo, akili ikaruka, mpaka leo haijarudi, yuko kwenye nyumba ya kutunzwa, na mama akisikia tu neno bangi anatoka chumbani. Sasa aliponiuliza nitapanda nini kwenye ghala, ulimi wangu ukasema mboga. Akapiga makofi. "Lengalenga! Winter hii yote tunakula spinachi ya kwenye plastiki, sasa mwanangu atatupandia lengalenga!" Huo mchicha wetu akautangaza kanisa zima kabla sijafunga mdomo.

Na sisi, Shangazi, mtu akitafuta kibali hatumwachi peke yake. Mchungaji wetu Vénérand akaanzisha mnyororo wa kufunga, kila familia ina zamu yake, saa sita mchana tunakutana kwenye Zoom, nusu ya watu wamesahau kuzima maikrofoni, na wote wanalia mbele za Mungu ili mlango wa mboga zangu ufunguke. Mama Nibigira amekataa zamu, anafunga kila siku, na ana ugonjwa wa sukari, nikamsihi apumzike akaniambia, "Acha, ile mlango itafunguka tu. Mimi sili mpaka jua iende." Namwona kwenye kioo cha simu amepiga magoti jikoni kwake, kitambaa cheupe kichwani, midomo imekauka, anataja jina langu.

Sasa Jumanne baraza linafanya kikao cha mtandaoni kusikiliza wananchi juu ya hizo sheria, na mchungaji amesema atahudhuria. "Nitaongea nao mimi mwenyewe. I will tell them, we are the church on the same street, we are her neighbours, we support our sister one hundred percent!" Shangazi, kanisa letu nalo ni ghala, liko mlango wa pili kutoka langu, mtaa ule niliuchagua makusudi ili baraka zisichoke njiani. Na rasimu ya sheria inasema biashara ya bangi isikae karibu na nyumba ya ibada. Kwa hiyo mchungaji akifungua mdomo kunitetea ndiyo atanizika, na hapohapo atasikia anatetea nini, na jioni mama Nibigira atakuwa amesikia.

Callixte anasema, "Relax, mwambie pastor kikao kimesogezwa, council wamepress pause tu, hawajasema no." Kendi yeye anasema, "Aki wewe, si uwaambie tu, hii ni dawa, iko na prescription!" Mimi nikilala naona majani. Nikiamka naona kitambaa cheupe. Nifanye nini?

Mimi wa ghala tupu, Minto.

SHANGAZI WACEKE ANAJIBU

Wa ghala tupu, barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nilicheka peke yangu studioni. Mara ya pili sikucheka. Umepitisha katikati ya barua, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba mwanamke mwenye kisukari anashinda njaa kila siku kwa ajili ya uongo wako. Ndugu yangu, wewe ni mhudumu wa wazee! Kama angekuwa kwenye zamu yako ungekuwa umeshamwita nesi. Mambo ya Jumanne tuyaweke kando kwanza. Huyu mama anatakiwa kula leo, na daktari wake ajue alikuwa anafunga.

Kuhusu bangi yenyewe sina ugomvi na wewe. Dawa iliyoandikwa na daktari, inayooteshwa kwa leseni, si ile iliyomharibu Rénovat nyuma ya mahema, na mzee wako na kikombe chake cha chai amenigusa, sitaki kudanganya. Ndoto yako ni nzuri pia. Lakini tazama ulivyomweka mama wa watu humo ndani. Umempa ndoo, umempa wimbo, umemfanya amwagilie mmea uliomla mwanawe, kisha ukamnyima mdomo wa kuuliza. Huko ndotoni anatabasamu kwa sababu wewe ndiye unayemtabasamisha. Yule wa jikoni hujawahi kumpa nafasi.

Shauri la Callixte lipeleke baharini, uongo wa kuokoa uongo wa kwanza utakutafutia wa tatu. Kendi naye ana haki, ila yeye hakulala chini ya blanketi lile, kwa hiyo "si uwaambie tu" kwake ni nyepesi. Mficha uchi hazai, wahenga walishasema, na wewe unaficha huku kanisa zima limeshika taa.

Baraza la mji limesimama ili liulize watu wanaoishi karibu kabla ya kuamua. Unalinung'unikia, lakini limefanya jambo usilolifanya wewe. Jirani wa kwanza wa biashara yako si ghala la mlango wa pili, ni mama Nibigira, na hujamuuliza.

Mchungaji Vénérand utampigia wewe, baada ya mama, kabla ya Jumapili. Mwambie kila kitu, pamoja na ile mistari ya rasimu kuhusu nyumba za ibada, na umwambie yuko huru kuhudhuria kikao na kusema atakalo, hata kama atasema hapana. Atakasirika, ni mchungaji, ameshakasirishwa na wengi, atajua la kufanya. Mnyororo wa kufunga uvunjwe kwa mdomo wako mwenyewe kwenye Zoom, maikrofoni zikiwa wazi. Na lile ghala, hata sheria zikija tamu namna gani, liachie. Maghala yako tele, Seven Hills huko kuna eneo zima la viwanda. Hamisha bangi, kanisa uliache lilipo.

Biashara inaweza kufa. Nakwambia mapema ili usije ukaniandikia tena ukilia kwamba ulisema ukweli na hukulipwa.

Sasa simu ya mama. Usimtume Callixte, wala usimtumie mama wa watu ujumbe wa WhatsApp wenye vikono vya maombi. Piga wewe, leo, ukisikia kipindi hiki kinaisha. Kwanza mwambie ale, usubiri mpaka usikie kijiko. Kisha sema neno lenyewe, bangi, usilivike gauni la Kilatini, na useme, "Mama, nilikudanganya, nilimwogopa Rénovat aliye machoni pako." Akiuliza, jibu. Akinyamaza, usiujaze ukimya wake kwa habari za leseni na madaktari. Na akilia, usikate simu.