Shubiri Yako, Muzee

Muzee wangu,

Naanza kwa kukulaumu, maana ukisifiwa kwanza husikii kingine. Umekufa bila kuniachia kipimo.

Miaka yote ya kunifundisha kazi hapa kwenye karakana yako, atelier ya Mbunya, kila nilipouliza bomba la kupulizia unga wa moto likae umbali gani na chuma kilicholika, ulijibu vilevile: "Shubiri moja, mama. Weye fanya tu." Hukusema ni shubiri ya nani. Yako ilikuwa ya mtu wa kubeba magunia. Yangu unaijua.

Wiki mbili baada ya mazishi, yule bwana wa machimbo ya Nizi alileta shafti ya mashine yake ya kusaga mawe, imelika. Nikaipulizia unga wa chuma kwa shubiri yangu. Karibu mno: shafti ikapata moto kupita kiasi, na ngozi mpya ya chuma ikapasuka ilipopoa. Nikarudia, safari hii nikasimama mbali kwa woga. Unga ukapoa njiani, ngozi ikawa laini, tupa ikaikwangua kama sabuni. Bwana akasema nikikosea tena atapeleka shafti zake zote kwingine. Bila shafti zake mlango wako unafungwa. Nililia, nikapangusa pua kwa glavu yako. Usinikaripie.

Aliyeniokoa ni Mama Samaki wa sokoni, yule uliyekuwa ukigombana naye kila Jumamosi kwa kuwa ulikataa samaki asiyefika shubiri yako. Alikuja kutoa pole, akanikuta nakodolea macho vidole vyangu. Nikamweleza.

"Niko najua mukono ya ule muzee kupita bibi yake wa ndoa," akasema.

Kumbe alikuwa amekwangua alama mbili za urefu wa shubiri yako kwenye ubao wake wa samaki, ili ugomvi uwe mfupi. Akaenda kuuleta.

Nikakata kijiti sawa na alama zile, nikakifunga kwenye bomba, nikaipulizia tena ile shafti. Ilipopoa nikapitisha tupa. Iliteleza, Muzee, ikatoa ule mlio uliokuwa ukiusikiliza umefumba macho. Nikageuka nikuonyeshe. Hapo ndipo nilipoumia kweli.

Shafti iko Nizi, inazunguka. Ubao umebaki hapa ukutani, atelier nzima inanuka samaki.

Haya, pumzika. Nakuahidi, atakayejifunza kwangu nitampa kijiti, si mkono wangu. Na Jumamosi nitakipeleka sokoni kupimia samaki. Mama Samaki anasema tangu uondoke hana wa kugombana naye vizuri.

Neema wako,
mwenye shubiri fupi