Mgeni wa Ganga

Haridwar, 2 Oktoba

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Habari za Barmer? Na wale mbuzi wako wakorofi, hawajambo? Mimi mzima, ila moshi wa jiko la mahujaji unanimaliza macho.

Mama, usinikasirikie. Chungu cha majivu ya baba kinaning'inia mtini mwaka wa tatu sasa. Mtoto wa kiume ni mimi, na kumfikisha mto Ganga, nimtie majini kama desturi yetu, ni kazi yangu. Utaniachia lini? Basi hata njoo utembee tu, uione sala ya jioni pale mtoni.

Mwanao,
Kanaram

Barmer, 20 Oktoba

Mwanangu Kana,

Marahaba. Sijambo, magoti tu ndiyo yamegoma. Nitakuja, nami niyaone hayo maji mnayoyasifu. Lakini nakuja kutembea. Ukinitajia majivu nageuza na treni hiyohiyo. Baba yako yuko kwake, hamsumbui mtu.

Mama yako

Barmer, 15 Novemba

Mwanangu,

Salamu nyingi. Nimefika nyumbani salama. Najua umenuna kwa vile niliondoka alfajiri bila kuaga.

Ulinikalisha kwenye ngazi za mto ukarudi kwenye masufuria yako, kwa hiyo hukuniona. Kana, maji yale! Mimi niliyezoea kuyapima kwa kikombe, pale nayaona yanapita tu, bure, wala hayaishi. Nilitaka kumpigia mtu kelele ayafunge.

Mara kengele zikalia, makuhani wakainua mataa ya moto, umati wote ukasimama. Matajiri, ombaomba, wote wanayaimbia maji. Nilidhani ni sisi wa jangwani tu tunaoyaheshimu. Mwili ulinisisimka, nikalia. Bibi mmoja nisiyemjua akanishika viganja, akavipitisha juu ya moto, akaniwekea usoni, ndiyo baraka yao.

Sasa nikuambie. Baba yako alikuwa mapajani mwangu, ndani ya begi. Nilimleta kwa siri, aone tu, kisha turudi wote. Yule mtu maisha yake yote alichimba visima vikavyo. Nikamwambia, "Umeona?" Nilipoinuka tuondoke, nikaona haya kumrudisha kwenye kiu.

Kumtia majini sikuweza, mkono ulikataa. Na kazi ni yako. Nimemtundika kwenye mwarobaini nyuma ya jiko lako. Mpeleke jioni, taa zikiwaka, na umwachie taratibu. Hakujua kuogelea.

Mama yako