Picha kwa Wanaokaa Mbele

Baba Mastura,

Wali uko kwenye hotipoti, mchuzi wa pweza nimeufunika. Mastura akitoka madrasa aanue nguo. Mimi nimemfuata mama yangu kwake Rutamba, nimrudishe leo hii. Ameondoka alfajiri wewe umelala.

Runinga yako nzuri, sibishi. Jana tulipoweka video ya harusi ya marehemu kaka yangu Likwata, mlishangilia kwamba hata jasho lake linaonekana. Linaonekana kwenu mnaokaa mbele! Mama hawezi kukaa kati mbele ya mkwewe, unajua. Anajibanza kwenye kona, kwa heshima yako, na ukiwa kwenye kona picha inapauka, watu wanakuwa kama ukungu. Sauti nayo nyembamba, haimfikii. Alipouliza, "Huyo ni nani?" mkacheka, eti bibi kamsahau mwanawe.

Alfajiri, akikunja mkeka wake, aliniambia tu: "Wote mmemwona mwanangu, isipokuwa mimi."

~~Iuze hiyo runinga.~~ Hapana, usiiuze. Igeuze ielekee kwenye kona yake.

Leo pembeni utakaa wewe.

Mama Mastura