Plagi Iliyogoma Kitaji

Jumatatu, 4 Machi 1968
Plagi ya birika la umeme imegoma tena. Nilisukuma kwa kiganja, nikasukuma kwa goti, mwisho nikaitukana Kizungu cha meli. Ikaingia nusu. Mimi nilikuwaga mpishi melini, nimewachemshia chai manahodha wa Kigiriki, leo nashindwa na vitundu vya ukutani! Mke wangu Wegesa anacheka: "Pisha, Mgiriki, niwashe mkaa."
Mama yupo pembeni anasikiliza. Ametoka kijijini Mugeta, amekuja kwetu hapa mjini Kitaji kwa ajili ya mtoto wa jicho. Jicho la kushoto lilishakufa. La kulia daktari atalipasua Jumatatu ijayo. Likikosa hilo, ni giza tupu.

Jumatano, 6 Machi
Ajabu. Plagi imeingia laini kabisa. Sikuuliza kwa nini. Nimewatangazia majirani kwamba soketi zinauogopa mkono wangu. Wawili wameniomba nikawalainishie za kwao. Nimekubali. Ndiyo mimi.
Jioni chumba kinanuka kama mtu anakaanga.

Alhamisi, 7 Machi
Siku mbaya. Wegesa alichomoa plagi mkono ukiwa na maji. Umeme ukamrusha hadi mlangoni. Nilizima swichi kubwa, nikaita jina lake kama mwendawazimu. Akafumbua macho. Vidole viwili vimeungua. Sijawahi kuogopa hivyo, hata baharini.

Ijumaa, 8 Machi
Fundi wa umeme amefungua soketi. Ndani samli, imeungua nyeusi. "Bwana mkubwa, hapa mlikuwa mnapika?"
Nilijua palepale. Samli ya ng'ombe wetu, Mama alikuja nayo kwenye kibuyu. Kwetu kila kitu kikikakamaa kinapakwa samli. Ngozi, kamba, hata viungo vya wazee. Alisikia ninavyohangaika, akanihurumia, akapapasa ukuta akapaka. Umeme haukumuua yeye. Mungu tu.
Tangu jana hajala. Amefunga mzigo.

Jumamosi, 9 Machi
Mama amesema: "Nirudishe Mugeta. Siwezi kuua mtoto wa watu kwa ajili ya jicho langu."
"Na Jumatatu je, Mama?"
"Liache life."
Nimelia chooni. Mwanaume mzima.
Mchana nikatangaza mbele ya wote kwamba samli niliipaka mimi. Nikaongeza chumvi, eti melini tulikuwa tunapakaga kila kitu. Majirani wamecheka mpaka machozi. Sasa naitwa Bwana Samli. Wegesa hakucheka. Mama hakufungua mzigo.

Jumapili, 10 Machi
Wegesa alinivuta nje. "Muongo. Kibuyu kipo chini ya kitanda cha Mama, wewe hujawahi hata kukigusa."
Nimekiri yote. Mimi!
Akaingia ndani, akakaa karibu na Mama. "Mama, vidole hivi haviwezi kushika mwiko. Ukiondoka leo, nani atatusongea ugali? Huyu Bwana Samli wako?"
Mama alisukuma mzigo wake chini ya kitanda. Kisha akauliza maji yamechemka au bado. Amesonga kwa kupapasa. Ugali una mabonge. Nimekula wote.

Jumatatu, 18 Machi
Leo hospitalini wamemfungua bandeji. Anaona ukungu, lakini anaona. Kwanza alimtazama Wegesa. Akamshika ule mkono, akausogeza karibu na uso, akaangalia vidole kimoja kimoja. Wegesa hakuuondoa.
Nikatoka nje nikawaacha.