Mashine ya Chooni

Kisiwani, upande wa Kasongo

Mama yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko Kabambare, wewe na dada Aicha na mtoto wake mchanga. Mgongo wako unaendeleaje? Sisi huku miili ni mizima, ila mimi roho imenichafuka.

Ulipoondoka, gurudumu letu la maji lilikuwa mbao tu. Sasa linazunguka. Mto Lualaba unalisukuma, linasaga mihogo ya kisiwa kizima, na jioni linawasha taa ndogo majumbani. Mafuta ya mazutu ya kuletwa kwa pikipiki, kisha kwa mtumbwi, tumeyasahau. Mawe ya kulijengea gurudumu tuliyabeba sisi wanawake, na mabega yangu bado yanauma.

Kiangazi hiki maji yamepungua na taa zimefifia. Ndipo shirika lililotupatia nyaya likatuma mgeni, Mama Marie-Thérèse, aone kama tunastahili gurudumu la pili. Baba, kama rais wa komite, aliitisha kikao. Nilidhani atasema tumweleze mgeni ukweli. Akasema kumpokea mgeni kwa taa hafifu ni kumdharau. Octave, katibu wake, akaazima mashine ya mazutu ya kutoa umeme, wakaifunga kwenye nyaya zetu, wakaificha ndani ya choo kipya cha shule. Chooni, Mama! Sisi wanawake tukaamriwa tuimbe bila kupumzika ili mlio usisikike.

Mgeni alifika jioni, na taa zikawaka kama za mjini. Watu wakapiga makofi. Harufu ya mazutu na ya choo zilitujia pamoja, na Baba anatabasamu tu, anasifu nguvu ya maji. Nilimwangalia baba yangu mzazi, mtu asiyekosa swala, nikaona kinyaa. Mgeni alipoulizia choo, Octave akajibu kwamba kimejaa, aende porini. Mama mtu mzima, na kitenge chake safi, porini!

Muda si mrefu mlango wa choo ulikuwa wazi, moshi unatoka, na nyimbo zikakatika. Mgeni hakufoka. Aliizima mashine kwa mkono wake, akamwuliza Baba: “Sasa gurudumu yenyewe iko wapi?” Baba akanyoosha kidole mtoni. Mgeni akaondoka bila kuahidi kitu.

Tangu hapo Baba anasema ni harufu iliyotuponza. Octave anamlaumu aliyeacha mlango bila kufuli.

Si harufu, Mama. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumsindikiza mgeni porini. Nilimshika mkono nikampeleka chooni, nikamfungulia mlango mwenyewe. Nilijua tutakosa gurudumu la pili. Lakini kama angedanganyika, angeenda kuwaambia watu wa visiwa vingine kwamba watapata taa kama zile, na wanawake wao wangebeba mawe kwa uongo wetu. Kila nikimwekea Baba bugali nataka kumwambia, nashindwa. Mwambie wewe, wewe anakusikiliza.

Mwambie pia kwamba barua hii nimeiandika chini ya taa ya gurudumu, bila tone la mazutu. Mwanga ni mdogo, lakini tazama mwenyewe, mistari imenyooka.

Msalimie Aicha, umbusu mtoto, na Mungu akurudishe kwetu salama.

Mwanao,
Latifa binti Amisi